Safu ya Matofali ya Downing Street: Iliyojengwa kwa Haraka, Ikaokolewa kwa Gharama

MLANGO mweusi wenye namba 10 katika mtaa wa Downing Street, jijini London, ni miongoni mwa milango inayoonekana mara nyingi zaidi katika taarifa za habari duniani. Mbele yake Mawaziri Wakuu wa Uingereza hupokea wageni, hutangaza ushindi na husoma hotuba za kujiuzulu. Kwa kuwa ni makazi na ofisi ya kiongozi wa Serikali, wengi wanaouona hudhani kwamba nyuma yake kuna kasri lililokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Ukweli ni tofauti. Jengo hilo ni mabaki ya safu ya nyumba za matofali zilizojengwa kati ya mwaka 1682 na 1684 na mtu aliyetaka faida ya haraka, juu ya ardhi yenye asili ya kinamasi na kwenye misingi isiyokwenda chini vya kutosha. Weusi wa kuta zake si rangi ya matofali. Mistari myeupe iliyonyooka kati ya tofali na tofali si kazi ya mwashi aliyepanga kwa uzi na timazi, bali ni mapambo yaliyochorwa baadaye. Hata mlango wenyewe, unaoonekana kuwa wa mbao, ni wa chuma. Historia ya ujenzi wake inaeleza jinsi nyumba ya aina hiyo inavyosimama, kwa nini hudhoofika, na kilichoifanya Serikali ya nchi hiyo kuamua, miaka zaidi ya 270 baadaye, kutoibomoa.

Nyumba za safu ni nyumba zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikishirikiana ukuta na jirani yake wa kulia na wa kushoto. Mtu anayepita barabarani huona ukuta mmoja mrefu wa mbele wenye milango na madirisha yaliyopangwa kwa vipimo vinavyojirudia. Ndani, kila nyumba ni nyembamba lakini ndefu kwenda juu: kwa kawaida vyumba viwili katika kila orofa, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, na ngazi upande mmoja. Jiko na stoo huwa katika orofa ya chini, ambayo sehemu yake imezama chini ya usawa wa barabara. Sebule bora huwa orofa ya kwanza, na ndiyo sababu madirisha ya orofa hiyo huwa marefu kuliko mengine, yakipungua kimo kadiri macho yanavyopanda kuelekea vyumba vya watumishi juu kabisa. Hivyo mgeni aliweza kujua hadhi ya kila chumba akiwa bado barabarani.

Mfumo huo ulipata nguvu mpya baada ya moto mkubwa wa Septemba 1666, ulioteketeza nyumba zaidi ya 13,000 katika sehemu kongwe ya London. Nyumba nyingi zilizoungua zilikuwa za mbao, orofa za juu zikiwa zimejitokeza hadi kukaribia za upande wa pili wa barabara. Sheria ya mwaka 1667 ya kuujenga upya mji iliagiza kuta za nje zijengwe kwa matofali au mawe, ikagawa nyumba katika madaraja manne, na ikaweka idadi ya orofa na unene wa kuta kulingana na ukubwa wa barabara ambayo nyumba iliikabili. Sheria hiyo iliihusu sehemu iliyoungua, wakati Downing Street ipo Westminster, nje ya mipaka hiyo. Hata hivyo mtindo ulienea haraka, kwa kuwa wateja walikwisha kuona thamani ya ukuta usioshika moto, na waashi walikwisha kuuzoea.

Sheria nyingine zilifuata, zikiigusa na Westminster. Ile ya mwaka 1707 ilipiga marufuku urembo wa mbao uliokuwa ukitokeza chini ya paa, na kuagiza kuta zipandishwe juu ya ukingo wa paa ili moto usirukie nyumba ya pili. Sheria ya mwaka 1709 ilitaka fremu za madirisha zirudishwe ndani kwa takribani inchi nne kutoka uso wa ukuta, kwa sababu mbao iliyo sawa na uso wa ukuta huwahi kushika cheche. Kivuli chembamba kinachozunguka kila dirisha la London ya karne ya 18, ambacho watalii hukipiga picha kwa uzuri wake, ni matokeo ya kanuni ya zimamoto.

Mjenzi aliyehesabu miaka

Sir George Downing, aliyeupa mtaa jina lake, hakuwa mwashi wala msanifu majengo. Alikuwa miongoni mwa wahitimu wa kwanza kabisa wa Chuo cha Harvard, Marekani, mwaka 1642. Aliitumikia serikali ya Oliver Cromwell, kisha ufalme uliporudi akahamia upande wa Mfalme Charles II bila kupoteza nafasi yake. Alipata haki juu ya kiwanja hicho katika miaka ya 1650, lakini familia iliyokuwa na mkataba wa awali haikutoka, na ilimlazimu kusubiri hadi mwaka 1682. Alipopata kiwanja, hakupoteza muda.

Utaratibu wa biashara hiyo unastahili kuelezwa, maana ndani yake ndimo ulimo udhaifu wa jengo. London ya wakati huo ilipanuliwa kwa mikataba ya muda. Mwenye ardhi, mara nyingi Mfalme au kabaila, hakuuza kiwanja bali alikikodisha kwa miaka kadhaa. Mwenye mkataba alijenga kwa fedha zake, akapangisha au kuuza sehemu iliyobaki ya muda wake, na mkataba ulipokwisha kiwanja pamoja na kilichosimama juu yake vilirudi kwa mwenye ardhi. Mjenzi wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kujenga nyumba ya kudumu kuliko mkataba wake. Kila pauni iliyozikwa katika msingi ilikuwa pauni ambayo mpangaji asingeiona na asingeilipia. Pauni iliyowekwa kwenye ukuta wa mbele, kwenye mlango na kwenye ngazi ilirudi mapema.

Mchoro wa nyumba za Downing huhusishwa na Sir Christopher Wren, msanifu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Jina hilo kubwa halikuubadilisha udongo. Eneo la Westminster lilikuwa hapo kale kisiwa kidogo katikati ya vijito na matope kando ya mto Thames, na jengo la kwanza linalojulikana kusimama mahali hapo lilikuwa kiwanda cha pombe cha watawa katika Zama za Kati. Ardhi ya namna hiyo hutaka msingi ufukuliwe hadi kwenye tabaka gumu, au nguzo za mbao zipigiliwe chini kwanza. Downing aliridhika na misingi mifupi. Alipomaliza nyumba zake, kati ya 15 na 20, kila moja ikiwa na nafasi ya farasi na gari, baadhi zikitazama bustani ya St James's, zilipendeza kwa macho na zilipata wapangaji wa daraja la juu. Downing mwenyewe alifariki mwaka 1684.

Majirani hawakuzifurahia. Nyuma ya safu hiyo ilisimama nyumba kubwa ya Countess wa Lichfield, binti wa Mfalme Charles II, ambaye ghafla alijikuta akitazamwa na madirisha ya watu asiowajua. Alilalamika kwa baba yake. Mfalme alikubali kwamba haikuwa haki nyumba nyingine kuchungulia ndani mwake bila ridhaa yake, akampa idhini ya kuinua ukuta wa mpaka kwa kimo chochote apendacho, na kazi hiyo ikaelekezwa kwa msimamizi wa majengo ya Mfalme. Aliyeshika wadhifa huo wakati ule alikuwa Wren huyo huyo.

Tofali la London

Msomaji wa Iringa, Njombe au Kagera, ambako tofali la kuchoma ni sehemu ya mandhari ya kila kijiji, hahitaji maelezo marefu kuhusu tanuri. Udongo hufinyangwa, hukaushwa, hupangwa na kuchomwa, na matofali yaliyo karibu na moto huiva kuliko yaliyo pembeni. London ilifanya vivyo hivyo, mara nyingi kando ya eneo la ujenzi lenyewe. Tofauti ilikuwa katika mchanganyiko. Udongo wa kusini-mashariki mwa Uingereza, unapochanganyika na chaki ya asili, hutoa tofali la manjano badala ya jekundu. Watengenezaji walizoea pia kuongeza majivu na chembe za makaa ya mawe zilizochekechwa kutoka kwenye taka za majumbani, ambazo ziliwaka ndani ya tofali lenyewe wakati wa kuchoma na kupunguza matumizi ya kuni. Taka za jiji zilirudi mjini zikiwa kuta.

Matofali hayo hayakuwa sawa kwa ubora, wala hayakupangwa mahali pamoja. Yaliyonyooka na kuiva vizuri yaliwekwa kwenye uso wa mbele, na yaliyopinda au kuiva nusu yakafichwa nyuma. Hapo ndipo ulipozaliwa udanganyifu uliokuwa maarufu sana katika nyumba za safu za London. Ukuta mzuri hufungwa kwa kulaza baadhi ya matofali kutoka mbele kwenda nyuma, ili kozi ya nje na ya ndani zishikane kama vidole vya mikono miwili. Mjenzi aliyetaka kuokoa matofali bora aliyavunja katikati na kuonyesha vichwa vyake tu upande wa nje. Mpita njia aliona mpangilio kamili, kumbe nyuma ya uso huo kulikuwa na kuta mbili zilizosimama bega kwa bega bila kushikana. Ndani ya kuta hizo waashi walilaza pia mbao ndefu za kusawazisha kozi na kupokea misumari. Mbao zilipopata unyevu zilioza, zikaacha uwazi, na matofali yaliyokuwa juu yake yakashuka.

Udanganyifu wa pili ulikuwa wa maungio. Ukuta wa gharama kubwa zaidi ulijengwa kwa matofali yaliyosuguliwa hadi kingo zake zikawa kali, yakipangwa kwa chokaa nyembamba kama uzi. Kuupata mwonekano huo kwa matofali ya kawaida, mwashi alijaza maungio mapana kwa chokaa iliyotiwa rangi ya tofali, akasawazisha, kisha akapitisha juu yake mstari mwembamba wa chokaa nyeupe kwa kufuata rula. Mbali kidogo, ukuta uliopinda huonekana umenyooka kabisa. Mistari inayoonekana leo kwenye uso wa Namba 10 ni ya jamii hiyo. Ni ufundi wa hali ya juu, unaohitaji mkono mtulivu na macho makali, ingawa kazi yake ni kuficha.

Kwa nini basi nyumba hizo hazikuanguka zote? Jibu limo katika neno safu. Nyumba ya katikati haiwezi kuinama kulia au kushoto kwa sababu jirani ameikalia pande zote mbili. Kuta za pamoja hubeba uzito wa dohani na huzuia mwendo wa ubavu. Ukuta wa mbele, ulio mwembamba na wenye matundu mengi ya madirisha, hushikiliwa na kuta hizo pamoja na boriti za sakafu. Chokaa ya zamani, tofauti na saruji, ni laini. Jengo linapotitia polepole, maungio hukubali kujinyoosha kidogo bila tofali kupasuka. Nyumba yaweza kupinda inchi kadhaa na bado ikakaliwa kwa karne mbili. Hatari huja jirani anapobomolewa, au msingi unaposhuka upande mmoja kwa kasi kuliko mwingine.

Yote mawili yalitokea Downing Street. Katika karne ya 19 nyumba nyingi za mtaa huo ziliondolewa, nyingine zikiwa zimechakaa na nyingine kupisha ofisi za Serikali, mpaka kati ya nyumba za Downing zikabaki Namba 10, 11 na 12 tu. Upande wa kusini likainuka jengo kubwa la mawe la msanifu George Gilbert Scott, lililochukua Wizara ya Mambo ya Nje na Wizara ya Makoloni. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mtaa huo una historia nyingine: baada ya mwaka 1905, Uganda na eneo ambalo leo ni Kenya yalipohamishiwa Wizara ya Makoloni, na baadaye Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Uingereza, barua za maagizo kwa magavana ziliandikwa anuani ya Downing Street. Zilitoka katika mawe ya Scott ng'ambo ya barabara, wala si katika matofali ya Downing, lakini aliyezipokea Nairobi au Dar es Salaam hakuwa na namna ya kujua tofauti.

Matengenezo yasiyokwisha

Namba 10 ilipata kuwa nyumba ya Serikali mwaka 1732, pale Mfalme George II alipompa Sir Robert Walpole nyumba hiyo pamoja na ile kubwa ya nyuma, iliyokuwa ya Countess wa Lichfield. Walpole alikataa kuipokea kama zawadi binafsi, akaomba iwe makazi ya kila atakayeshika wadhifa wake wa Mkuu wa Kwanza wa Hazina. Maneno ya cheo hicho, badala ya cheo cha Waziri Mkuu, ndiyo yaliyoandikwa hadi leo kwenye kifuniko cha shaba cha tundu la barua mlangoni.

Msanifu William Kent ndiye aliyepewa kazi ya kuziunganisha nyumba hizo mbili. Aliziba uwanja uliozitenganisha kwa jengo la kiungo, akaacha ua mdogo wa ndani, akajenga ngazi kuu ya mawe ambayo leo ukuta wake umepangwa picha za Mawaziri Wakuu waliopita. Walpole alihamia Septemba 1735. Muungano huo unaeleza jambo linalowashangaza wageni wengi: mlango mwembamba wa nyumba ya safu unaingia katika jengo lenye vyumba takribani 100. Vyumba vya fahari, pamoja na Chumba cha Baraza la Mawaziri, vimo katika nyumba ya nyuma. Nyumba ya Downing imebaki kuwa kama ukumbi wake wa kuingilia.

Sehemu hiyo ya mbele ndiyo iliyoendelea kusumbua. Mwaka 1766 wakaguzi walikuta kuta za upande wa barabara zimeoza, na sakafu pamoja na dohani zimeshuka kutoka usawa wake. Matengenezo yaliyofuata, yaliyokamilika katika muongo uliofuata chini ya msanifu Kenton Couse, ndiyo yaliyoleta mlango maarufu, kigongeo chenye sura ya simba, na sakafu ya ukumbini yenye miraba myeusi na myeupe. Kwa maneno mengine, sura ambayo dunia inaihesabu kuwa ya Downing ilikuja karibu miaka 90 baada ya yeye kufariki. Mwaka 1796 Chumba cha Baraza la Mawaziri kilipanuliwa kwa kuondoa ukuta na kusimamisha nguzo mahali pake. Kila kizazi kiliongeza mzigo juu ya msingi ule ule. Haishangazi kwamba viongozi wengi wa karne za 18 na 19, waliokuwa na nyumba zao bora zaidi mjini, walichagua kutohamia.

Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1940, katika mashambulizi ya anga ya Vita Kuu ya Pili, bomu liliangukia majengo ya Hazina yaliyo jirani na kuharibu jiko na vyumba vya Namba 10. Winston Churchill, aliyekuwa akila chakula cha jioni, alikuwa amewaamuru watumishi wa jikoni waende mahali pa kujikinga muda mfupi kabla. Mtikisiko wa miaka hiyo ulizidisha nyufa zilizokuwapo.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, jengo lilikuwa linatitia. Kuta ziliinama, fremu za milango zilipinda, na gharama za ukarabati zilipanda kila mwaka. Wizara ya Ujenzi ilifanya uchunguzi mwaka 1954. Ripoti yake ilipita mikononi mwa Churchill, kisha Anthony Eden, kisha Harold Macmillan, kila mmoja akiirithi kutoka kwa mwenzake. Ni Macmillan aliyeunda kamati, nayo ikatamka bila kuzunguka kwamba hatua kubwa ichukuliwe kabla nyumba haijaanguka au kuungua.

Miongoni mwa mapendekezo yaliyowekwa mezani lilikuwamo la kubomoa Namba 10, 11 na 12 zote na kujenga jengo jipya. Kwa hesabu za ujenzi pekee, hoja hiyo ilikuwa na uzito: nyumba haikuwa kazi bora ya usanifu, misingi yake haikufaa, na jengo jipya lingekuwa salama zaidi. Dhidi yake ilisimama hoja kwamba thamani ya nyumba hiyo haikuwa tena katika matofali yake bali katika yaliyotendeka ndani yake kwa zaidi ya miaka 200, na kwamba hayo hayawezi kuhamishiwa katika jengo jingine. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kati: Namba 12 ijengwe upya, Namba 10 na 11 ziimarishwe na sehemu zake za kihistoria zihifadhiwe.

Kazi ilianza mwaka 1960 chini ya msanifu Raymond Erith, na Macmillan akahamia jengo la jirani la Admiralty House. Ilikadiriwa kuchukua miaka miwili na kugharimu pauni 500,000. Mara kuta zilipofunguliwa, makadirio hayo yalipoteza maana. Misingi ilikutwa katika hali mbaya kiasi kwamba zege ililazimika kumwagwa chini yake kwa wingi. Kazi ya aina hiyo hufanywa vipande vipande: hufukuliwa shimo fupi chini ya ukuta, humwagwa zege, husubiriwa ikomae, ndipo hufukuliwa kipande kinachofuata, maana ukifukua pote kwa pamoja ukuta utakuangukia. Humo ndani, kuta, sakafu na hata nguzo za Chumba cha Baraza la Mawaziri zilikutwa zimeoza, zikabadilishwa. Mapambo, milango na vipande vya ukuta vilivyoweza kuokolewa viliondolewa na kurudishwa baadaye. Kazi ilichelewa kwa mwaka mmoja na kugharimu mara mbili ya makadirio. Haikupita muda mrefu baada ya kukamilika mwaka 1963, kuvu inayooza mbao ikajitokeza, na mafundi wakarudi.

Katika kazi hiyo ndipo matofali yaliposafishwa, na rangi yake ya asili ikaonekana tena: manjano. Moshi wa makaa ya mawe, uliotoka katika madohani ya London kwa karne mbili, ulikuwa umeingia katika vitundu vya matofali na kuungana na chokaa hadi kufanya ganda jeusi. Hapo wasimamizi walikabiliwa na swali lisilo la kihandisi hata kidogo. Waingereza waliokuwa hai hawakuwahi kuiona nyumba hiyo ikiwa ya manjano. Picha zote za magazeti, tangu kamera ilipovumbuliwa, ziliionyesha ikiwa nyeusi. Ikaamuliwa matofali yaliyokwisha kusafishwa yapakwe rangi nyeusi.

Uamuzi huo una upande wa kuchekesha, kwani ulikuja miaka michache tu baada ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, iliyotungwa kufuatia ukungu wa moshi uliosababisha vifo vya maelfu ya wakazi wa London Desemba 1952. Sheria ilikuwa inauondoa moshi mjini wakati mafundi wa Serikali wanaurudisha ukutani kwa brashi. Wapo wahifadhi wanaosema rangi ya kweli ni ile ya tofali lilipotoka tanurini. Lakini uso wa jengo hilo umekuwa wa kujifanya tangu mwanzo, na weusi wake una historia ndefu kuliko manjano yake. Kuurudisha ulikuwa uamuzi wa busara.

Namba 10 iliwekwa katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria nchini humo. Hilo halikumaliza mabadiliko. Mwaka 1989 mageti ya chuma yalisimamishwa kwenye mlango wa mtaa. Tarehe 7 Februari 1991 kombora lililorushwa na kikundi cha IRA lililipuka bustanini, nyuma ya nyumba, Waziri Mkuu John Major na mawaziri wenzake wakiwa kikaoni. Vioo vya madirisha vilivyoimarishwa viliwakinga. Baada ya tukio hilo mlango wa mwaloni ulipisha mlango wa chuma wenye sura ile ile, uliopakwa rangi ile ile, na kubandikwa namba ile ile yenye sifuri iliyoinama kidogo upande mmoja.

Katika karne hii uso wa mbele umekarabatiwa tena. Kuta zilifungwa kwa vishikizo vya chuma ili tabaka la nje lishikane na la ndani, jambo ambalo waashi wa awali walipaswa kulifanya kwa kulaza matofali yao mazima. Kisha matofali yakapakwa weusi upya, na mafundi wakapanda mirunda wakiwa na rula kupiga, ungio kwa ungio, mistari myeupe.